Trufi za jangwani: dondoo si kuvu

Kila ninapoulizwa kama trufi za jangwani huua bakteria au huzuia uoksidishaji, nami huuliza kwanza: zimeziduliwa kwa kutumia nini? Kuvu hizi za jenasi Terfezia na Tirmania, ambazo Waarabu huziita kamaa, hukua chini ya mchanga zikishirikiana na mizizi ya vichaka vya Helianthemum, na huliwa tangu zama za kale. Lakini kinachopimwa maabara ni dondoo, yaani sehemu ile tu ambayo kiyeyushi kiliweza kuitoa.

Maji hutoa protini, peptidi (minyororo mifupi ya amino asidi), sukari na polisakaridi (minyororo mirefu ya sukari). Heksani, kiyeyushi kisichochanganyika na maji, hutoa mafuta na steroli (jamii ya kolesteroli). Ethanoli au methanoli iliyochanganywa na maji hufaa zaidi kwa fenoli, kemikali ambazo nyingi huzuia uoksidishaji. Mwaka 2004 watafiti wa Jordan walieleza kwamba dondoo la maji la Terfezia claveryi lilizuia ukuaji wa bakteria Staphylococcus aureus, wakadhani kuwa kiini chake ni peptidi. Ikiwa dhana hiyo ni sahihi, mtu anayeanza na heksani hataiona kamwe nguvu hiyo, kwa kuwa peptidi nyingi haziyeyuki humo, naye anaweza kuandika kwa dhati kabisa kwamba kuvu haina athari yoyote.

Joto nalo lina pande mbili. Betaglukani, aina ya polisakaridi, zimeshikamana na kitini, dutu ngumu iliyo katika ukuta wa seli, kwa hiyo huhitaji maji ya moto kwa muda mrefu, ilhali joto hilohilo huharibu vimeng'enya na vitamini C. Mawimbi ya sauti ya masafa ya juu huvunja kuta hizo kwa haraka, kwa kuwa viputo vidogo hupasuka ndani ya kimiminika, ila yakizidishwa hukatakata minyororo ya polisakaridi na kuzalisha radikali huru, yaani molekuli zinazochochea uoksidishaji. Kaboni dioksidi iliyopita nyuzi 31 za Selsiasi na shinikizo la takriban baa 74 hutoa steroli bila kuacha mabaki ya kiyeyushi; kwa fenoli, huongezewa ethanoli kidogo.

Jambo linalonisumbua zaidi ni vipimo vyenyewe. Kitendanishi cha Folin-Ciocalteu, kinachotumiwa kupima fenoli, huitikia pia vitamini C na baadhi ya sukari, hivyo dondoo la maji huonekana limejaa fenoli kuliko lilivyo. Kipimo cha DPPH, kinachopima uwezo wa kuzuia uoksidishaji, hufanyika kwa kawaida ndani ya methanoli, ambamo polisakaridi hujitenga na kuleta ukungu, na ukungu huo huvuruga usomaji wa mwanga kwenye nanomita 517. Kulinganisha dondoo la maji na la methanoli kwa kipimo hicho pekee, kwa maoni yangu, si haki.

Wasomaji wengi wanaijua hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba maji ya kamaa ni ponyo ya jicho. Naiheshimu, na ndiyo maana nasisitiza kwamba maji yaliyotayarishwa nyumbani yasitiwe machoni bila mwongozo wa daktari: kuvu hutoka mchangani pamoja na spora za bakteria, na spora za Bacillus huweza kustahimili maji yanayochemka.