Adrenokromu: kinachotokea adrenalini ikipigwa na hewa

Muuguzi akishika ampuli (kichupa cha kioo kilichofungwa) ya adrenalini, kabla ya kuivunja huiinua kwenye mwanga na kuitazama. Dawa nzuri ni angavu kama maji. Ikiwa imeingia rangi ya waridi au hudhurungi, haitumiki, kwa maana sehemu ya adrenalini imeshaharibika. Ile rangi ya waridi ndiyo adrenokromu. Ndiyo maana dawa hii hufichwa mwanga, na mara nyingi hutiwa chumvi ya salfaiti inayowahi kunasa oksijeni.

Adrenalini ni homoni ya tezi zilizo juu ya figo, na fomyula yake ni C9H13NO3. Oksijeni ikiishambulia, kwanza inapokonywa elektroni. Kisha mkia wake wenye nitrojeni unajikunja na kujishikiza kwenye pete ya kaboni, pete ya pili ikazaliwa. Mwishowe atomu nne za haidrojeni zimeondoka, imebaki C9H9NO3. Molekuli hii hufyonza mwanga wa karibu nanomita 480, upande wa buluu, nasi tunaona wekundu. Haidumu: molekuli zake huungana zenyewe kwa zenyewe hadi kuwa kitu cheusi kinachofanana na melanini, rangi ya asili ya ngozi.

Mwaka 1856 Mfaransa Alfred Vulpian aliona majimaji ya kiini cha tezi hizo yakigeuka waridi alipoyatia iodini. Adrenalini yenyewe ilikuwa bado haijulikani. Jokichi Takamine aliitenga mwaka 1901. Adrenokromu ikatengwa na David Green na Derek Richter huko Cambridge, mwaka 1937.

Miaka ya 1950, Abram Hoffer na Humphry Osmond, madaktari wa akili huko Saskatchewan, Kanada, walidai kwamba adrenokromu mwilini ndiyo chanzo cha skizofrenia, ugonjwa mzito wa akili. Dai hilo lilistahili kupimwa, na lilipimwa. Mwaka 1958 Julius Axelrod na wenzake waliitafuta katika damu ya watu wazima wa afya na ya wagonjwa, wasiione. Dhana ikafifia.

Kilichodumu ni matumizi ya kawaida kabisa. Karbazokromu, dawa inayotokana nayo, hutumika katika baadhi ya nchi kupunguza uvujaji wa damu kwenye mishipa midogo. Maabara nazo hupima kimeng'enya cha kukinga seli kwa kuangalia kinavyochelewesha adrenalini kuwa adrenokromu, njia iliyotolewa na Misra na Fridovich mwaka 1972.

Kuhusu uvumi kwamba hurudisha ujana, na kwamba hukamuliwa kutoka kwa watoto: ni uzushi mtupu, na unaumiza watu wanaosingiziwa. Hairudishi ujana. Wala haihitaji mwili wa mtu yeyote: Friedrich Stolz alitengeneza adrenalini maabara mwaka 1904, na adrenalini ya kiwandani ikichanganywa na oksidi ya fedha hutoa adrenokromu.