"Mama, wewe lea kwanza": ubaguzi wa kazini unaokuja na huruma

Jirani yangu ni karani wa ghala. Alipomaliza likizo ya uzazi alikuta meza yake imekaliwa na kijana mgeni, kikombe chake cha chai kimegeuzwa kopo la kalamu. Jioni meneja akamtumia meseji: "Mama, wewe lea mtoto kwanza, tutakuita." Hakupewa barua. Akatuambia kibarazani kwamba hajafukuzwa, kwa kuwa hakuna aliyetamka neno hilo.

Wengi huumia hapo, kwa kudhani pasipo barua hakuna kuachishwa kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inasema vingine. Kumzuia mwanamke asirudi kazini baada ya likizo ya uzazi kunahesabiwa kuwa ni kumwachisha, na ujauzito si sababu halali ya kumwachisha mtu. Ana siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA. Ndiyo maana "tutakuita" ni neno la kuogopwa. Ukikaa miezi mitatu ukisubiri simu, utaanza kwa kuomba usamehewe kuchelewa kabla kisa chenyewe hakijasikilizwa.

Eti likizo ni hisani ya bosi? Siku 84 zenye malipo, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja, ni haki, ingawa wajibu wa mwajiri kulipa unaishia likizo ya nne. Anayenyonyesha aruhusiwe hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Baba kawekewa angalau siku tatu. Sheria nayo ina dhana zake kuhusu nani hukesha na mtoto.

Wengine husema kwenye usaili mwajiri aulize atakacho, kwani bado hujaajiriwa. Si kweli. Kifungu cha 7 kinamlinda mwombaji kazi kama mfanyakazi. "Umeolewa? Utazaa lini?" Ukinyimwa kazi kwa majibu hayo umebaguliwa: ndoa, ujauzito na majukumu ya familia vimetajwa humo, pamoja na rangi, kabila, asili ya mtu, dini na ulemavu.

Kuhusu rangi na kabila, watu husubiri tusi ndipo waite ubaguzi. Sheria inakataza hata ule wa kuzunguka. Fikiria tangazo linalotaka kuli wa kupanga maboksi, sharti awe anazungumza lugha ya nyumbani kwa mwenye duka. Maboksi hayaongei. Sharti lingekuwa halali kama kazi yenyewe ingelihitaji, mathalani ukalimani.

Na mshahara? Usawa kati ya mwanamke na mwanamume hauishii kwa wenye cheo kimoja. Kipimo ni kazi zenye thamani sawa.

"Utathibitishaje?" ndilo swali linalowarudisha wengi nyumbani. Ukishaonyesha mambo ya msingi yanayoashiria ubaguzi, mzigo wa kuthibitisha kwamba haukuwepo humwangukia mwajiri. Kwa hiyo tangazo, hati za mshahara na meseji usizifute.

Jirani alifika CMA siku ya 27, mtoto mgongoni, meseji kwenye simu. Alikuwa bado anajaza fomu meneja alipopiga, eti anamjulia hali mtoto.