Pembetatu kwenye plastiki haisemi unachodhani

Geuza chupa ya plastiki utazame kitako chake: mara nyingi utakuta pembetatu ya mishale yenye namba ndani. Wengi huamini alama hiyo ni ahadi kwamba chombo kitarejelezwa. Sivyo. Namba hizo, 1 hadi 7, zilianzishwa Marekani mwaka 1988 na chama cha wenye viwanda vya plastiki ili kutaja aina ya plastiki, basi. Namba 1 ni PET, plastiki ya chupa nyingi za maji na soda. 7 ni kapu la "nyinginezo", ambalo kwa mchambuzi wa taka ni sawa na kutoambiwa kitu. Mwaka 2013 kiwango rasmi kiliondoa mishale na kuweka pembetatu ya kawaida, ila ile ya zamani bado imezagaa.

Kurejelezwa hutegemea mkusanyaji, mtambo na mnunuzi. Taarifa za kina husaidia zaidi kuliko namba moja, na hapo ndipo pasipoti ya kidijitali, yaani kumbukumbu ya bidhaa inayosomwa mtandaoni, inapoingia. Umoja wa Ulaya umeziwekea betri za magari ya umeme sharti la kuwa na pasipoti hiyo kuanzia Februari 2027: msimbo wa QR utaonyesha malighafi zilizomo, na mafundi watapata maelekezo ya kuifungua betri. Kuikusanya ni kazi nyingine kabisa.