Dhana Potofu Kuhusu Kasi ya Dunia Kujizungusha

Aghalabu husemwa kwamba Dunia inajizungusha kwa kasi ya kilomita 1,670 kwa saa, kana kwamba kila mahali panakwenda kwa kasi hiyo. Takwimu hiyo ni sahihi, ila ni ya ikweta tu, ambako mzingo wa Dunia ni kilomita 40,075 hivi. Kadiri mtu anavyosogea kuelekea ncha, ndivyo duara analozungushwa linavyopungua: kwenye latitudo ya nyuzi 60 kasi hushuka hadi karibu kilomita 835 kwa saa, na kwenye ncha yenyewe aliyesimama hageuzwi ila papo hapo alipo. Kinacholingana kila mahali ni pembe, takriban nyuzi 15 kwa saa.

Dhana ya pili ni kwamba mzunguko mmoja huchukua saa 24 kamili. Ukipimwa kwa kuzitazama nyota, mzunguko huo hukamilika kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Zile dakika karibu nne zinazosalia hutokana na Dunia kuwa imesonga katika njia yake ya kulizunguka Jua, hivyo haina budi kugeuka kidogo zaidi ili Jua lirudi pale lilipoonekana jana.

Wengine huuliza: ikiwa kasi ni kubwa kiasi hicho, mbona hatuihisi, na mbona haturushwi angani? Swali hili si la kubezwa. Mwili hauhisi kasi bali mabadiliko ya kasi, na kasi ya Dunia haibadiliki ghafla. Tena hewa, bahari na majengo vyote vinakwenda pamoja nasi, na ndiyo sababu helikopta haiwezi kuelea mahali pamoja ikingoja nchi nyingine ifike chini yake. Ama kurushwa, idadi ya kilomita ndiyo inayopotosha, kwa kuwa Dunia hugeuka polepole kuliko hata mshale mfupi wa saa ya ukutani, ambao huzunguka mara mbili kwa siku. Mgeuko huo hupunguza uzito wa mtu aliye kwenye ikweta kwa takriban asilimia 0.3 tu, na ingelazimu Dunia ijizungushe kwa kasi mara 17 hivi ya sasa ndipo vitu vilivyo huko vianze kuelea.

Iliyojikita zaidi ni imani kwamba kasi hii haijawahi kubadilika. Mvutano wa Mwezi, ambao husababisha maji ya bahari kujaa na kupwa, huipunguza Dunia mwendo, na kwa wastani siku hurefuka kwa takriban milisekunde mbili kila karne. Ni kidogo mno, lakini hujilimbikiza: mistari ya ukuaji katika visukuku vya matumbawe yaliyoishi karibu miaka milioni 400 iliyopita inaonyesha kwamba mwaka ulikuwa na siku 400 hivi. Hata hivyo, upungufu huo si wa mfululizo, kwa sababu mwendo wa kiini cha Dunia, upepo na maji huuyumbisha. Kuanzia 1972 hadi mwisho wa 2016 ziliongezwa sekunde 27 ili saa za atomiki zisiachane na mzunguko wa Dunia, kisha tangu 2020 zikarekodiwa siku kadhaa zilizo fupi kuliko zote zilizowahi kupimwa kwa saa hizo.