Edward wa Pili na kile chuma cha moto: tuache basi

Nikigusia tu jina la Edward wa Pili wa Uingereza, lazima mtu adakie: si ndiye aliyeingizwa chuma cha moto kwa nyuma? Imetosha. Miaka 20 ya utawala, 1307 hadi 1327, inamezwa na kisa kimoja ambacho hakuna aliyekuwamo aliyekiandika.

Ya Piers Gaveston, kipenzi chake wa kwanza, na kipigo alichopewa na Waskoti huko Bannockburn mnayajua, nayapita. Aliyemponza ni Hugh Despenser, kipenzi chake wa mwisho, aliyepora ardhi za makabaila wenzake huku mfalme akimkingia kifua. Ndiyo maana mkewe, Malkia Isabella, na Roger Mortimer, kabaila aliyemwasi, walipotua na jeshi dogo Septemba 1326, ni wachache mno waliojitokeza kumtetea mfalme. Januari iliyofuata akalazimishwa kumwachia mwanawe kiti.

Sasa hicho chuma. Habari za kifo zilitoka ngome ya Berkeley, alikofungwa Edward, Septemba 1327, wala mauaji hayakutajwa. Mwaka 1330 Mortimer alipoangushwa na kuhukumiwa bungeni, mashtaka yalisema Edward aliuawa, aliuawaje, kimya. Adam Murimuth, mwandishi wa tarehe aliyeishi zama hizohizo, anaandika kwamba alizibwa pumzi. Geoffrey le Baker, mwandishi mwingine wa tarehe, anayetusimulia mateso yale ya chuma kwa kirefu, aliandika zaidi ya miaka 20 baadaye, tena akitaka tumwone Edward kama mfia dini. Mnamwaminije huyo kuliko washtaki wa Mortimer, waliokuwa wakitafuta kila la kumchafua? Wangekijua hicho chuma, wangekitaja!

Kinachopaswa kutunyima usingizi ni kingine kabisa. Thomas Berkeley, mwenye ngome, aliliambia bunge hilohilo kwamba hakujua lolote kuhusu kifo hicho mpaka alipofika hapo bungeni. Na taarifa ya kwanza ilitoka kwake yeye! Mapema mwaka huohuo wa 1330, Edmund, kabaila wa Kent na ndugu wa Edward kwa baba, alikatwa kichwa kwa kupanga kumtorosha Edward, mtu ambaye serikali ilishamzika Gloucester. Vitabu vya shule huliruka hili. Mimi nashikilia kwamba Edward alifia Berkeley, lakini kauli ile ya mwenye ngome inanisumbua. Wapo wasemao alimaanisha kwamba hakujua ni mauaji, na nusu ya siku nakubaliana nao. Nusu nyingine nakumbuka shingo ya Edmund. Mkitaka kubishana nami, tubishane juu ya hilo.