Ukiandika "Kindly revert", unaomba nini?

Barua pepe nyingi za ofisini, Nairobi hata Dar es Salaam, humalizikia kwa "Kindly revert", mwandishi akiamini kwamba "revert" ni "reply" iliyovaa tai. Sivyo. Katika Kiingereza cha kawaida cha Uingereza na Marekani, neno hilo ni kurudi katika hali ya awali. Ofa ikiisha, bei hurudi ilivyokuwa: "the price reverts to normal". Mkataba wa kukodi ardhi ukimalizika, ardhi "reverts to the owner".

Utata huzuka hasa panapokuwa na rasimu. Mwandikie mteja wa London "Please revert on the contract by Friday", naye anaweza kudhani unataka toleo la zamani lirejeshwe. Kwa watengeneza programu ndiyo balaa zaidi, maana kwao "revert" ni amri ya kutengua mabadiliko.

Ni kweli baadhi ya kamusi huitaja maana ya "kujibu" kama matumizi ya India, na kwa wenzako wa ofisini itapita. Kwa wengine andika tu "Please reply by Friday" au "get back to me". Na "revert back" je? Hiyo "back" imo tayari ndani ya "revert", ifute.