Dola moja ya Washington na masharti yake

Kila mkataba wa ujenzi wa barabara unaolipiwa na serikali kuu ya Marekani hubeba ndani yake waraka wa masharti unaoitwa FHWA-1273 (FHWA ni wakala wa barabara kuu wa serikali hiyo). Haitoshi kuutaja. Lazima waraka wenyewe uwemo, ukurasa kwa ukurasa, na mkandarasi mkuu akimgawia kazi mkandarasi mdogo, naye aupate, hata kama kazi yake ni kuchora mistari myeupe tu. Mimi nakagua mikataba ya aina hii katika jimbo mojawapo la katikati ya nchi. Jamaa wa nyumbani wakiniuliza kwa nini taifa lenye hela zote hizi linahangaika miaka na miaka na daraja moja, jibu langu huanzia hapo.

Washington haijengi barabara. Hata zile barabara kuu za Interstate, zinazounganisha majimbo, ni mali ya majimbo. Ndiyo yanayozijenga na kuzitunza. Serikali kuu inachangia, kwa kawaida asilimia 80 ya gharama, na 90 kwa Interstate. Sehemu kubwa ya fedha hizo chanzo chake ni kodi ya mafuta, senti 18.4 kwa galoni ya petroli, kiwango ambacho hakijaguswa tangu 1993. Na hazitangulizwi: jimbo linalipa mkandarasi kwanza, kisha linadai kurudishiwa. Hapo ndipo masharti yanapopata meno. Ukivunja sharti, hakuna askari atakayekuja saiti. Hurudishiwi tu, na afisa fedha wa jimbo anaogopa hilo kuliko askari.

Kwa hiyo swali la kwanza katika kupanga mradi wowote ni kama fedha ya Washington iingie au isiingie. Ikiingia dola moja, karibu masharti yote huingia nayo. Majimbo yenye akili hurundika fedha ya serikali kuu kwenye miradi michache mikubwa, kisha miradi midogo huijenga kwa mapato yake. Mfano mkubwa zaidi ni upande wa mashariki wa daraja la San Francisco–Oakland, uliojengwa upya baada ya tetemeko la 1989 kuangusha kipande chake. California iliamua kutotumia fedha za Washington kwenye sehemu kuu ya kuning'inia, ili iweze kuagiza vyuma vilivyotengenezwa Shanghai. Daraja lilifunguliwa 2013, likiwa limegharimu takriban dola bilioni 6.4. Kama uamuzi ule ulikuwa wa busara, wahandisi wanabishana hadi leo. Mimi nina mashaka na uamuzi huo.

Sharti ambalo California ililikwepa limo katika sheria ya mwaka 1982: chuma chote kinachobaki ndani ya kazi kiwe kimeyeyushwa, kimekunjwa, kimetobolewa na kupakwa rangi au zinki ndani ya Marekani. Kwenye karatasi linaonekana dogo. Saiti, nondo zinashushwa kila kifurushi kikiwa na kibandiko chenye namba ya myeyusho. Namba hiyo inalinganishwa na cheti cha kiwanda kinachoonyesha chuma kile kiliyeyushwa wapi. Kama nondo zimepakwa epoksi ya kuzuia kutu, tunadai na barua ya kiwanda cha kupaka. Namba moja isiposomana, kifurushi kinawekwa pembeni na hakiingii kwenye zege. Msamaha upo, ila ni kiduchu: chuma cha kigeni kisizidi moja ya elfu ya thamani ya mkataba, au dola 2,500, kutegemea kipi ni kikubwa. Kwenye mkataba wa dola milioni 10, hiyo ni dola 10,000. Boksi za bolti zikipitishwa bila cheti, fungu hilo linaisha upesi.

Watu wengi, hata wahandisi, wanadhani kanuni hizi zinaumiza kwa sababu ya gharama na wingi wa makaratasi. Nionavyo mimi, zinaumiza zaidi kwa kupanga kipi kitangulie kipi.

Chukua sheria ya mazingira ambayo Rais Nixon aliitia saini tarehe 1 Januari 1970. Waliosoma mazingira Tanzania wataitambua, maana wazo la TAM, yaani tathmini ya athari kwa mazingira, lilienea duniani kutokea huko. Miradi mingi ya barabara hupita njia nyepesi, bila tathmini ndefu. Ile mikubwa huandikiwa ripoti, na kwa miaka mingi ripoti hizo zilinenepa hadi Bunge la Marekani, mwaka 2023, likaweka kikomo cha kurasa 150 na miaka miwili, isipokuwa kwa miradi tata sana. Viambatisho havihesabiwi, na waandishi wa ripoti wanalijua hilo vizuri.

Lakini kurasa si kitu. Kitu ni kwamba kabla uamuzi wa mazingira haujatoka, kwa kawaida jimbo haliruhusiwi kukamilisha michoro ya mwisho wala kununua ardhi. Ukija kwenye ardhi, kuna sheria nyingine ya 1970: mthamini apite, mwenye mali apewe nafasi ya kuandamana naye, bei ya kwanza isiwe chini ya thamani iliyopatikana. Anayehamishwa nyumbani kwake apewe notisi ya siku 90 kwa uchache, na nyumba ya kufanana na ile aliyoiacha iwe imepatikana. Ni haki kabisa, na mtu aliyeshuhudia watu wakiondolewa kwenye hifadhi ya barabara kwa alama ya X nyekundu ukutani hatalalamika. Ila kila hatua inaingoja iliyotangulia, na zabuni inangoja zote.

Halafu kuna popo. Katika majimbo kadhaa ya huku kuna popo wa Indiana, aliye kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka, ambaye wakati wa kiangazi hulea watoto chini ya magome ya miti yaliyobanduka. Kwa hiyo miti hukatwa majira ya baridi, kwa kawaida kabla ya Aprili. Tuseme kibali kilitarajiwa Februari, kikachelewa wiki sita. Miti haikatwi tena mpaka majani yapukutike. Mkandarasi ameshaleta katapila, analipa bima, analipa wasimamizi, na kuchelewa kwa wiki sita kumekuwa miezi minane. Ndiyo maana ratiba nzuri huku inaanzia kwa popo, kisha inarudi nyuma.

Mara chache sharti linaua njia nzima. Sheria ya 1966 inakataza kupitisha barabara kwenye bustani ya umma kama kuna njia nyingine inayofaa. Wakazi wa Memphis waliitumia kutetea bustani yao ya Overton Park, Mahakama ya Juu ya Marekani ikawasikiliza mwaka 1971, na hadi leo barabara kuu ya I-40 inalizunguka jiji hilo upande wa kaskazini. Kinyume chake ni daraja la I-35W la Minneapolis, lililoanguka tarehe 1 Agosti 2007 na kuua watu 13. Jipya lilifunguliwa Septemba 2008. Fedha zilipatikana haraka, kweli, lakini pia lilisimama palepale pa zamani, kwa hiyo njia nyepesi ya mazingira ilitosha.

Nimalizie na jambo linalowagusa vijana wetu waliopo huku, maana wengi wameingia kwenye kazi za lami. Kwa sheria ya 1931, mkataba wa serikali kuu unaozidi dola 2,000 unamlazimu mwajiri kulipa kima kilichopangwa kwa kaunti ile na kwa kazi ile, kila wiki, na kuwasilisha orodha ya malipo yenye saini ya kuthibitisha kuwa ni ya kweli. Udanganyifu ninaokutana nao zaidi si wa kukata mshahara waziwazi. Mtu anaandikwa kibarua, wakati shajara ya mkaguzi inaonyesha alishinda juu ya roli ya kushindilia. Tofauti kati ya kibarua na mwendesha mtambo inaweza kuwa dola kadhaa kwa saa, na mwajiri anadaiwa yote, ya nyuma pia. Marupurupu nayo yana kiwango chake. Kama hayalipwi kwenye bima au pensheni, yaongezwe kwenye hundi.

Viwango hivyo lazima vibandikwe saiti, mahali ambapo kila mfanyakazi anaweza kuvisoma. Mara nyingi ni ubao ulio nje ya ofisi ya kontena. Tafuta jina la kaunti, kisha kazi unayoifanya kweli, si ile uliyoandikiwa, ulinganishe na hati yako ya mshahara. Ubao usipokuwepo, muulize mkaguzi wa jimbo. Akija kukuhoji kuhusu malipo, unayomwambia ni siri, na msimamizi wako haruhusiwi kusimama hapo akisikiliza.